Kijana wa Benchi la Nne

Mama Mchungaji aliliweka koti juu ya meza taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia, akalipapasa bega, akasema, "Hili ni la Mchungaji, la Jumapili. Usije ukaliunguza."

"Mama, mimi nimewahi kuunguza nini?"

"Kitambaa cha madhabahu."

"Hapo nilikuwa sijaokoka."

Mama Mchungaji alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akatoka na mwavuli wake, akamwacha dobi na koti jeusi, na rundo la nguo za harusi ya kesho yake, na joto la Ijumaa lililokuwa limekaa chumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Watu walimwita Mstari. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Mitaani lilikuwa limekwisha kufunikwa na ile mistari aliyoipiga kwenye suruali, mistari iliyonyooka hata mteja mmoja akalalamika kwamba alijikata nayo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele katika nyumba ya shangazi yake, chenye dirisha la kupokelea nguo, nyaya tatu zilizovutwa ukuta hadi ukuta, na meza iliyovikwa blanketi na shuka kuukuu lenye alama za hudhurungi za pasi, kila alama na kisa chake. Pasi zilikuwa mbili: ya umeme, na ya mkaa kwa siku ambazo umeme hakuna. Ijumaa umeme haukuwepo mara nyingi, kana kwamba nao ulikuwa na shughuli zake.

Hakuwa mtu wa sala ndefu. Alisali kwa vipande, kama nguo zilivyokuja. Suruali ilichukua sala moja kila mguu. Shati lilikuwa na mpangilio wake: kola, mabega, mikono, kisha mgongo, ambao ni mpana na unamruhusu mtu kuombea mambo makubwa kama amani ya dunia. Na aliwaombea wenye nguo, maana dobi anajua watu kwa upande wa ndani. Suruali ya Mzee wa Kanisa ilikuwa imepanuliwa kiuno mara mbili mwaka huu. Mstari alimwombea kiasi. Kulikuwa na mama mmoja, mjane wa kule kona, aliyeleta shati la bluu la marehemu mumewe kila baada ya wiki mbili. Shati lilikuja safi na kurudi safi. Hakuna aliyelivaa. Siku moja mama yule alisema, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Tangu msiba, usingizi umenihama kabisa." Kwa shati lile Mstari hakuwa na maneno ya kuomba. Alilipiga pasi polepole kuliko mengine, basi.

Humo chumbani, kati ya mvuke na harufu ya pamba iliyopata moto, Mungu alikuwa karibu kiasi kwamba Mstari wakati mwingine alisogea pembeni kumpisha.

Taabu ilikuwa Jumapili.

Jumapili Mstari alilala. Si kusinzia, kulala. Alikaa benchi la nne, kulia kwa Shangazi, mwanamke mwenye kiwiko kilichochongoka kama ncha ya pasi, na bado alilala. Wimbo wa kwanza aliuimba vizuri. Matangazo aliyasikia nusu. Mchungaji aliposema "Fungueni pamoja nami," yeye alikuwa anafunga. Mwezi uliopita Mchungaji alikuwa ameinua mikono na kuliuliza kanisa kwa uchungu, "Ndugu zangu, leo mmemletea Bwana nini?" na kutoka benchi la nne, katikati ya ukimya mtakatifu, sauti ya usingizini ikajibu, "Mashati matatu na suruali moja."

Kwaya ilishindwa kuimba wimbo uliofuata.

"Labda mimi ni Mkristo wa siku za kazi tu," alimwambia Shangazi siku ile. "Siku yenyewe ya Bwana sipo."

"Upo," alisema Shangazi. "Unasikika mpaka nje."

Basi Ijumaa hiyo, kabla ya kuligusa koti kwa pasi, Mstari alipekua mifuko. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi: dobi asiyepekua mifuko atafua kalamu. Mfuko wa kulia ulikuwa na pipi ya kikohozi. Wa kushoto ulikuwa na kijiti cha meno. Ule wa ndani, upande wa moyo, ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na Mstari, ambaye alikusudia tu kuiweka pembeni, aliona neno moja kubwa lililopigiwa mstari mara mbili: KESHENI.

Alijua haifai kusoma. Akasoma ili ajue ni kwa kiasi gani haifai.

Yalikuwa mahubiri ya Jumapili. Hoja ya kwanza: bustanini, wanafunzi wanaachwa wakeshe. Hoja ya pili: wanalala. Hoja ya tatu: usingizi wa kanisa la leo. Na chini ya hoja ya tatu, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayejikumbusha: "Mfano hai: kijana wa benchi la nne. Usimtaje jina. Mtazame tu, nyamaza kidogo, kanisa litaelewa."

Mstari alikaa juu ya ndoo. Masikio yalimwaka. Alijiona tayari: kanisa zima limegeuka, Shangazi ameinamisha kichwa kwa aibu, naye mwenyewe kinywa wazi, anakoroma, mfano hai.

Juu ya meza pasi ya mkaa ilikuwa wazi, ikisubiri kupulizwa. Makaa yalikuwa mekundu. Karatasi ilikuwa nyepesi. Mchungaji angeweza kuamini kwamba imepotea. Karatasi hupotea kila siku. Mstari aliinyoosha karatasi juu ya makaa, akafumba macho, akasema kwa sauti, "Bwana, kama ni mapenzi yako iungue, leta upepo kidogo tu uisukume kutoka mkononi mwangu."

Akangoja. Nje hata jani halikutikisika. Nguo kwenye nyaya zilining'inia kimya kama mashahidi. Alingoja mpaka mkono ukaanza kuuma na vidole kupata joto lisilo la kawaida.

"Haya," alisema. "Nimeelewa."

Akaliweka koti sawa, akalipiga pasi mgongo, mabega, mikono, kisha akairudisha karatasi katika mfuko wa ndani. Kazi ilikuwa nyingi, mawazo yalikuwa mbali, na mkono wa dobi una akili zake. Hakukumbuka hata kidogo kwamba, kabla ya kuirudisha, aliinyunyizia maji karatasi ile na kuipiga pasi pande zote mbili.

Jioni alimweleza Shangazi kila kitu. Shangazi alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo unataka nini? Nikamwambie Mchungaji abadilishe neno la Mungu kwa ajili yako?"

"Nataka kuhamia kanisa lingine."

"Ukalale kwa watu usiowajua?" Shangazi alitupa punje moja mbovu. "Dawa ni moja, mwanangu. Usilale."

"Shangazi, nimejaribu. Hata kwenye Maandiko yupo kijana aliyelala dirishani mtume akihubiri."

"Akaanguka kutoka ghorofani akafa."

"Lakini alifufuliwa!"

"Yeye alikuwa na mtume. Wewe una Mzee wa Kanisa, ambaye hata jenereta ilimshinda kuiwasha."

Mstari akaenda kumwaga majivu ya pasi.

Jumamosi watu wote wa kanisa walikwenda harusini kwa mwalimu wa kwaya, wakiwa wamenyooka kama barua mpya, na Mstari ndiye aliyewanyoosha. Alianza alfajiri. Shati la mwisho lilichukuliwa likiwa na joto, mwenyewe akilivaa huku anakimbia. Mstari hakwenda. Aliosha miguu, akala, na saa kumi na mbili jioni, kuku walipokuwa bado wanabishana nani akae wapi, yeye alikuwa kitandani.

Lakini kabla ya hapo alikuwa ameandaa shati lake jeupe. Alichemsha wanga mzito kuliko aliowahi kuchemsha, akaichovya kola mara tatu, akaianika, akaipiga pasi mpaka ikagongeka kama mlango. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kichwa kikiinama, kola itamchoma chini ya taya. Asubuhi alipolivaa akagundua kwamba hawezi pia kugeuka. Akitaka kumwona mtu wa pembeni ilibidi ageuke mzima, kama kabati.

"Umekuwa kama sanamu," alisema Shangazi. Yeye alirudi kutoka harusini miguu imevimba kwa kucheza, na macho yake yalikuwa madogo. Alimpa ndimu iliyokatwa nusu. "Mambo yakizidi, ng'ata."

Kanisa lilikuwa dogo, la mabati, na jua lilikuwa limeshalipata mapema. Mabati yalilia tik, tik. Mapangaboi yalining'inia bila kuzunguka. Watu waliingia kwa hatua za watu waliocheza sana, wakakaa, na Mstari akakaa nao benchi la nne, amekodoa macho, kola imesimama, ndimu mfukoni.

Wimbo wa kwanza aliuimba. Matangazo aliyasikia yote, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba kanisa lina kamati ya bustani na kwamba yeye ni mjumbe.

Mchungaji akapanda mimbarini. Aliingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi, na hapo akasita. Karatasi ilikuwa imenyooka kama kadi. Mikunjo yake minne ilikuwa imetoweka. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaipitisha kidole. Kisha akainua macho polepole mpaka benchi la nne, na kule akakutana na macho mengine mawili, makubwa, makavu, yakimtazama.

Mstari ndipo alipokumbuka. Jasho likamtoka, na wanga ukaanza kunata shingoni.

Mchungaji alikohoa, akaanza. Hoja ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili vilevile. Akafika ya tatu. "Na hata leo, ndugu zangu," alisema, "wapo miongoni mwetu..." Akatazama benchi la nne, akanyamaza kidogo, kama ilivyoandikwa.

Kanisa zima likageuka kuona anachotazama. Likamwona kijana amekaa wima kama mshumaa, hapepesi macho.

"Amina?" alisema mtu mmoja kwa mashaka.

Mchungaji aligeuza karatasi kama aliyetarajia kukuta mfano mwingine nyuma. Hakukuwa na kitu. Akarudi hoja ya pili. Aliirudia bustani ile upya, pengine kutafuta njia nyingine ya kutokea, pengine kungoja. Hata yeye baadaye hakuweza kusema ni lipi. Alieleza miti. Alieleza kivuli cha miti. Alieleza nyasi, jinsi zilivyokuwa laini, na ubaridi uliokuwa unashuka, na wanafunzi waliokuwa wametembea siku nyingi, miguu mizito, kope nzito. Sauti yake nayo ilikuwa imechoka; alikuwa amefungisha ndoa, amehutubia karamu, na amelazimishwa kucheza na bibi wa bwana harusi. Ilishuka ikawa ya chini, yenye mawimbi, kama mtu anayebembeleza.

Wa kwanza kwenda na usingizi alikuwa Mzee wa Kanisa, aliyekwenda na miwani yake usoni. Kisha benchi la akina mama upande wa dirishani, mmoja baada ya mwingine, kidevu kifuani. Kisha kwaya: sauti ya kwanza ikaiegemea ya pili, ya pili ikaiegemea ya tatu, na besi zote nne zikaegemea ukuta. Mstari alihisi kitu kizito begani. Alikuwa Shangazi. Kiwiko chake kilikuwa kimelegea kama kitambaa kilicholowa.

Mstari aling'ata ndimu.

Mchungaji aliendelea na nyasi kwa muda, kisha akasikia sauti yake mwenyewe imebaki peke yake. Akanyamaza. Akalitazama kanisa lake mkono wa kuume, akalitazama mkono wa kushoto. Watoto wachanga nao walikuwa wamelala. Mtu mmoja tu alikuwa macho, analia kwa ukali wa ndimu.

"Mstari," aliita kwa sauti ya chini.

"Naam, Mchungaji."

"Uliisoma karatasi yangu."

"Niliisoma. Nisamehe. Dobi asipopekua mifuko..."

"Ukaipiga na pasi."

"Mazoea, Mchungaji."

Mchungaji aliuma mdomo. Alishuka mimbarini, akakaa kwenye ngazi yake, koti na yote, viwiko magotini. "Ulinikasirikia?"

"Kidogo. Ijumaa. Jumamosi sikupata nafasi."

"Na una makaa pale kwako. Kwa nini hukuichoma?"

"Nilimwomba Bwana alete upepo. Hakuleta."

Mabega ya Mchungaji yalianza kutikisika. Akajifunika mdomo kwa kiganja na kukaa hivyo mpaka kicheko kikapita. Alipoondoa kiganja, uso ulikuwa mwingine.

"Miezi minane nimekuangalia ukilala," alisema. "Unajua mhubiri anafikiri nini? Hafikirii kwamba kijana amechoka. Anafikiri, sina neno. Mungu ameniacha na sauti tu. Nilipoandika ule mfano nilikuwa najitetea, si kukufundisha wewe."

Mstari alitaka kutikisa kichwa; kola ikakataa. "Si wewe, Mchungaji. Mimi..." Alitafuta namna ya kusema. "Wazazi wangu walipokuwa hai, walikuwa wanazungumza chumba cha pili, mimi niko kitandani. Maneno sikuyasikia. Nilisikia tu kwamba wapo. Basi nikalala. Ukianza kuhubiri, inakuwa hivyohivyo. Wiki nzima nimesimama. Nikikusikia, najua kuna mtu mzima nyumbani."

Mchungaji aliitazama ile karatasi iliyonyooka, akaikunja mara moja, akaifungua.

"Haya, tuwaamshe," alisema hatimaye, akianza kuinuka. "Waumini wataamka na kuniuliza hoja ya tatu."

"Mchungaji, ngoja. Yule mama."

Alikuwa kwenye ncha ya benchi la pili: mjane wa kule kona. Kilemba kilikuwa kimemteleza, na kinywa chake kilikuwa wazi kidogo, kama cha mtoto. Pumzi yake iliingia na kutoka bila kukwama mahali.

"Huwa halali," alisema Mstari. "Tangu msiba."

Mchungaji alimtazama yule mama. Akatazama saa yake. "Dakika kumi," alinong'ona, akarudi kukaa.

Walikaa. Mabati yalilia tik, tik. Mstari alimeza mate ya ndimu, akalitazama kanisa lake likilala: magauni aliyoyajua kila pindo, shati lenye kishimo cha kwapani alichokishona bila kuambiwa, nguo zote alizozinyoosha zikijikunja taratibu juu ya watu. Hakuhuzunika. Alijikuta anaomba, kwa vipande, benchi kwa benchi, na hakukumbuka kwamba yuko kanisani mpaka alipofika benchi la mwisho.

Zilikuwa zimepita dakika kumi na nne pale Mzee wa Kanisa alipojirusha ghafla kama aliyesukumwa, akapaza sauti, "Amina!"

"AMINA!" likajibu kanisa zima, likifumbua macho.

"Tusimame tuimbe," alisema Mchungaji, ambaye tayari alikuwa amesimama.

Mlangoni watu walimshika mkono kwa nguvu isiyo ya kawaida. Nyuso zao ziling'aa.

"Leo umetulisha," alisema Mzee wa Kanisa. "Hasa pale mwisho."

"Pale mwisho wapi, Mzee?"

"Pale... pale mwisho kabisa. Nilihisi mzigo umetoka."

Mjane alipita akirekebisha kilemba. Aliushika mkono wa Mchungaji kwa mikono yake miwili, akakaa nao kidogo, akaenda.

"Umeona?" Shangazi alimwambia Mstari nje, akimpigapiga mgongoni. "Mtu akikaza macho, anapata baraka. Mimi mwenyewe leo sikupepesa."

Mshono wa bega la shati la Mstari ulikuwa umejichora shavuni mwa Shangazi, kuanzia chini ya jicho mpaka kidevuni.

"Nimeona, Shangazi," alisema Mstari.

Walifika njia panda Shangazi akakumbuka kwamba ameacha mkoba wake chini ya benchi. Mstari akarudi. Uwanja ulikuwa mtupu, mlango umerudishwa nusu. Ndani, kwenye benchi la kwanza, Mchungaji alikuwa amejilaza chali, viatu vimepangwa sakafuni, mkono mmoja unaning'inia. Jua la dirishani lilikuwa limemfika shingoni na linapanda.

Mstari aliuchukua mkoba. Akaenda dirishani, akauvuta ubao wake taratibu mpaka mwanga ukabaki uzi mwembamba ukutani. Akatoka kwa ncha za vidole, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

Baada ya muda Mzee wa Kanisa alitokea na kishada cha funguo. "Nataka kufunga."

"Bado kidogo, Mzee."

"Kwani kuna mtu?"

"Yupo."

Mzee alichungulia kwa upande mmoja wa miwani. Akarudisha kichwa nje. Alisimama akifikiri, kisha akazishika funguo zote kwenye ngumi ili zisilie, akajishusha kwenye ngazi kwa kuguna kidogo, na Mstari akasogea upande ili Mzee apate nafasi. Walikaa hivyo, wawili. Kivuli cha paa kilikuwa kinapungua mchangani mbele yao, kikawafikia vidole vya miguu, nao wakaivuta miguu ndani.